Nyusi za Ten Bauro

Wakubwa wa dunia wanatupenda sana sisi watu wa visiwani. Wanatupenda kama mtu anavyompenda mgonjwa wa jirani: anapita mara moja na machungwa mawili, anasema pole, anarudi kwake kula. Kwenye mikutano ya tabianchi wametubandika hata jina, eti sisi ni "dhamiri ya dunia". Bibi mmoja, mjumbe wa nchi yenye viwanda visivyohesabika, alinikamata mikono yote miwili, machozi yakimlengalenga, akasema, "Mnatufundisha mengi." Nikamuuliza kama yapi. Akababaika, kisha akauliza kama tumekuja na ngoma yetu, maana jioni kulikuwa na tafrija.

"Ngoma ipo nyumbani," nikamwambia. "Imelowa."

Hakuelewa. Akacheka kwa adabu, akaenda zake kutafuta mtu wa visiwani mwenye shada la maua apige naye picha.

Mimi naitwa Rotia. Nilikwenda kwenye mkutano ule nikiwa nusu ya ujumbe wa nchi yetu. Nusu ya pili alikuwa Ten Bauro, mkuu wangu. Kwetu mwanamume ni Ten, mwanamke ni Nei. Nchi moja kubwa ilileta watu mia nne, wengine kazi yao kubeba makoti ya wenzao. Sisi wawili. Na mwenzangu mwenyewe ndiye huyo Bauro, mwalimu mstaafu, mpole hadi anakera. Ukimkanyaga mguu, anakuomba radhi yeye. Siku ya kwanza alisimama nje ya mlango wa ukumbi dakika kumi nzima akiwapisha watu, na hakuna aliyemshukuru. Nilisema moyoni, yamekwisha, tumetumwa vitani na mtu wa kufungua milango.

Na vita vyenyewe vilikuwa vya neno moja. Aya ya kumi na nne ya makubaliano ilisema kwamba mfuko wa dunia utatumika "kulinda" watu wa pwani zinazozama. Kulinda ni kuta za mawe, ni kuinua ardhi, ni matangi ya maji ya mvua. Wakubwa walitaka liandikwe "kuhamisha". Kuhamisha ni tiketi na kwaheri. Kijiji chetu cha Tebwanga kina kaya sitini na mbili, na bahari imekwisha kuingia kwenye mashimo tunamolima magimbi. Mashimo hayo yalichimbwa na watu ambao majina yao tunayakumbuka kwa mpangilio, baba hadi babu hadi babu wa babu. Mama yangu, Nei Maere, bado anateremka shimoni kila asubuhi, anaonja maji kwa kidole, anatema mate, anatukana, anarudi kesho yake kuonja tena.

Siku naondoka aliniambia hivi: "Nenda ukaniletee hiyo kulinda. Hiyo nyingine usije nayo hapa."

Sasa usidhani tulikwenda mikono mitupu. Nguvu tulikuwa nayo moja, na ilikuwa ya kweli. Kanuni ya mkutano ni kwamba neno halipiti mpaka wote waridhie. Nchi ya watu bilioni na nchi yetu ya watu laki moja na ushei, kila moja imewekewa mezani kibao kimoja cha plastiki chenye jina lake. Ukitaka kupinga, unakisimamisha wima, mwenyekiti analazimika kukuita, na kinyundo chake kinabaki hewani. Hapo hata mwenye ndege yake mwenyewe anakaa anasubiri. Nimewaona kwa macho yangu wakikitazama kibao chetu kama mtu anavyomtazama mbwa asiyemjua.

Wiki mbili walijaribu kila njia. Walitupaka mafuta kwa mgongo wa chupa, walitununia, walitualika chakula cha mchana. Bwana mmoja wa viatu vya kung'aa alimvuta Ten Bauro pembeni, mimi nikiwa karibu, akamwambia, "Mheshimiwa, gati jipya. Na jengo la kuhifadhia samaki kwa barafu. Ila hiyo aya ya kumi na nne tusiishupalie."

Bauro akafikiri sana, kama kawaida yake, hata nikataka kumfinya. Kisha akauliza kwa upole, "Gati hilo tutalifunga kwenye nini, bwana, nchi ikishaondoka?"

Yule bwana akaangalia saa yake. Ndiyo siku pekee niliyomwona Bauro ni mtu. Kesho yake akarudia kuwapisha watu mlangoni, nami nikarudia kumdharau.

Mkutano ulikuwa umalizike Ijumaa, haukumalizika. Hiyo nayo ni mbinu yao, usione hivi. Wenzetu wa visiwa vingine walikuwa na tiketi za bei ya chini zisizobadilishika, wakaondoka mmoja mmoja na masanduku yao, wakitupungia mkono: "Kibao chenu ndicho chetu." Ndege ya kwetu inaruka mara mbili tu kwa wiki, kwa hiyo sisi tulikuwa na mpaka Jumapili. Umaskini ukatuokoa kwa siku moja.

Jumamosi mchana wakagawa karatasi za mwisho. Nikaruka mpaka aya ya kumi na nne. Kulinda! Imeandikwa wazi, kulinda. Nilimkumbatia Bauro, akashtuka maskini, akaomba radhi. Ukumbi mzima ukaanza kufungasha. Watu wakapigana picha, wakakumbatiana, wakaingiza vibao vyao kwenye mikoba. Hiyo ni desturi ya mikutano ile: siku ya mwisho kila mtu anaiba jina la nchi yake akalitundike nyumbani. Ten Bauro alikuwa amekwenda kufuata chai.

Ndipo mwenyekiti akarudi jukwaani na karatasi moja zaidi. "Marekebisho madogo ya lugha," akasema, kwa sauti ya mtu anayefuta vumbi. Watu walikuwa wamechoka, wengine wamekwisha kuvaa makoti. Bauro alikuwa amerudi kitini, mimi nyuma yake. Karatasi ikatufikia. Akaisoma, akaweka kidole kwenye neno moja, akanigeuzia nilione. Kuhamisha.

"Je, kuna pingamizi?" mwenyekiti akauliza.

Mkono wa Bauro ulikwenda mezani kufuata kibao. Ukapapasa. Ukapapasa tena upande wa pili, chini ya karatasi, nyuma ya kikombe. Kisha akanyanyua uso, akamkazia macho mwenyekiti, akainua nyusi.

Akaziinua juu kabisa, mpaka zikakaribia kipara. Kwetu hiyo ndiyo "ndiyo". Mtu akikuuliza kama umekula, kama una mume, kama kuna pingamizi, hufungui mdomo. Unainua nyusi, na kila mtu amesikia. Tena barazani kwetu hapigi kelele mtu mwenye adabu kabla hajapewa nafasi. Anajibu kwa uso, anangoja aitwe. Bauro alijibu, akangoja aitwe. Mwenyekiti yeye aliona mzee mmoja anayeshangaashangaa.

"Sioni pingamizi. Imepitishwa." Kinyundo, paa.

Ndipo Bauro akasimama. Mimi nikapiga kelele, nikaacha adabu zote, nikasema tumepinga, mmetuona! Mwenyekiti akasema kinyundo kikishalia hakirudi nyuma, akatupa dakika tatu za kusema. Bauro akasema maneno mazuri, ya polepole, juu ya mashimo ya magimbi na makaburi yaliyo ukingoni. Na unajua walifanya nini? Walisimama. Ukumbi mzima ulisimama ukatupigia makofi. Yule bibi wa machozi alipiga mpaka viganja vikawa vyekundu. Walituvika kilemba cha ukoka mbele ya dunia nzima, kisha mwenyekiti akasema maneno yetu yataingizwa kwenye kumbukumbu, na neno kuhamisha likabaki pale pale lilipo. Puh! Afadhali wangetuzomea.

Tulifika Tarawa, mji wetu mkuu, habari imekwisha kututangulia redioni. Wauza samaki walikuwa wanamwigiza Bauro. Ukiuliza bei ya jodari, mtu anakuinulia nyusi mpaka soko zima linaangua kicheko. Walimpa jina, Ten Nyusi. Nami nilicheka nao. Ndiyo, nilicheka. Nilipoulizwa ilikuwaje, nilisema ndivyo alivyo, nyinyi si mnamjua.

Lakini kuna jambo nimeliruka, nalo lilitokea ndani ya ndege. Niliona baridi, nikavuta sweta kutoka mkobani, na pamoja na sweta kikatoka kibao. Kikaanguka mapajani mwa Ten Bauro. Kibao chetu, na jina la nchi yetu kwa herufi nyeusi.

Nilikuwa nimekichukua mchana ule, yeye alipokwenda kufuata chai. Nilitaka kumpelekea mama akitundike ukutani, aseme mwanangu alikaa hapa. Mwenyekiti alipouliza swali lake, mkono wa mzee ukipapasa meza tupu, mimi nilikuwa nyuma nimeinama napigana na zipu. Zipu ilikuwa imeng'ang'ania sweta. Na wakati ule sikupiga kelele, kwa sababu nilijua kilipo na niliona haya. Nilidhani nitakitoa kabla hajaona mtu. Nyani haoni kundule. Nimewasimanga wakubwa wote wa dunia tangu mwanzo wa hadithi hii, na nguvu yetu moja ilikuwa chini ya sweta na chokoleti nilizonunua.

Bauro alikitazama kibao. Akakifuta kwa kiganja, akakirudisha mkobani mwangu mwenyewe.

"Funga vizuri," akasema. "Kisije kikavunjika."

Hakusema lingine mpaka Tarawa, wala baada ya Tarawa. Walipomwita Ten Nyusi, aliwapisha njia.

Aliyetumwa lazima arudi kwa waliomtuma, kwa hiyo wiki ile ile tulipanda mashua mpaka Tebwanga. Watu walijaa kwenye maneaba, baraza letu kubwa lisilo na kuta, kila ukoo kwenye mkeka wake. Bauro alipewa tembo tamu ya mnazi, kisha akapewa maneno. Mjomba wangu Ten Kaburoro ndiye aliyeanza, na ulimi wake unajulikana.

"Mwalimu," akasema, "tungepeleka jogoo. Jogoo angewika angalau."

Watu wakacheka.

"Au kaa," akadakia mwanamke mmoja wa ukoo wa pili. "Kaa ananyanyua koleo lake, haulizi nani anatazama!"

"Nchi karibu mia mbili kwenye ukumbi," Kaburoro akaendelea, "na wewe unampepesea mwenyekiti nyusi kama unamtongoza! Mikono ulikuwa umeikodisha?"

Nilimtazama Bauro, nikingoja ageuke anionyeshe kidole. Kwa haki yake yote angegeuka. Alikaa amekunja miguu, viganja juu ya magoti, jasho linamtoka kwenye kipara.

"Nilichelewa kunyanyua," akasema. "Kosa ni langu. Nimekuja kuwaomba radhi."

Mtu anayeomba radhi akikanyagwa mguu. Safari hii sikumdharau yeye. Nikasimama bila kupewa nafasi. Nikatoa kibao mkobani, nikakiweka juu ya mkeka mbele ya watu wote.

"Hakuwa na cha kunyanyua," nikasema. "Kilikuwa kwangu. Nilikiiba nimletee mama."

Kicheko kilikatika. Bauro akainamisha kichwa, kama yeye ndiye aliyeumbuliwa. Mimi nilibaki nimesimama, nikingoja matusi, na kusema kweli niliyatamani. Tusi lingekuwa nafuu.

Mama alikuwa kwenye mkeka wa ukoo wetu, mikono yake ina matope ya shimoni bado. Hakukigusa kibao. Hakukitazama hata.

"Wameandika kuhamisha," akasema.

"Ndiyo, mama."

"Karatasi unayo?"

"Ninayo."

"Tusomee. Wanatuhamishia wapi?"

Nikaifungua. Nikasoma aya ya kumi na nne kwa sauti, mpaka nukta ya mwisho. Nikarudi juu nikaisoma tena, polepole, neno kwa neno, nikitafuta jina la nchi, la mji, la kisiwa, hata la kambi. Kaya sitini na mbili zilikuwa zikinisikiliza.

"Mama," nikasema, "hawakuandika mahali."