Mashine Isiyotakiwa Kulala

Paulina hakuiua ile kompyuta kwa makusudi. Nalisema mapema, maana kuna watu wakisikia nusu ya habari tu wameshahukumu. Aliiua kwa kubana matumizi, na kama hujawahi kuishi Newala utasema huyu mama alikuwa na wazimu.

Mtu wa umri wake aliyekulia kule juu mlimani amelelewa kwa maji ya kukinga. Mvua ikinyesha, maji yanatoka kwenye bati yanaingia kisima cha uani, na kisima kinapigwa kufuli. Yakiisha, ni kushuka bondeni na ndoo na kuipandisha kichwani, jua likiwaka. Mama yake alikuwa akimchapa kwa kumwaga kikombe kimoja tu. Mtu wa namna hiyo hawezi kukaa chumba kimoja na kitu kinachojiendea bure, iwe bomba, iwe taa, iwe redio. Hata hajafikiri, mkono umeshakwenda kuzima.

Sasa, mwaka wa tisini na tisa, biashara ilipokuwa imefunguliwa na mitumba ya kila aina imejaa, mitumba ya kompyuta nayo ikafika. Padri Benedikto akainunulia ofisi ya parokia kompyuta moja kutoka kwa Nurdini, fundi wa Masasi. Nurdini akapanda nayo mwenyewe, akaifunga juu ya meza ya Paulina, yaani Mama Rose, karani wa ofisi, akamkalisha chini.

"Mama Rose, nisikilize vizuri. Humu ndani mna diski, ndiyo inayotunza kila unachoandika. Hii ni ya zamani. Ukiwasha asubuhi, iache izunguke mpaka jioni, hata kama huandiki kitu. Kuna mahali pa kuiamuru isimame ikikosa kazi. Mimi nimeiamuru isisimame. Usipaguse. Kinachoichosha si kuzunguka, ni kusimama na kuanza upya."

"Izunguke tu, hata tukienda kunywa chai?"

"Hata mkienda msibani."

Paulina akaitikia ndiyo. Kuitikia kuna ugumu gani?

Kazi kubwa ya ile mashine ilikuwa ya Mwalimu Cuthbert, mstaafu aliyewafundisha nusu ya mji kusoma, Paulina akiwamo. Kwa miaka arobaini mzee huyu alikusanya maneno ya Kimakonde kwenye madaftari, akitaka kutoa kamusi. Mchwa wakala madaftari. Kisha macho yake yakaingia ukungu, akawa hawezi kuandika tena. Kamusi ikabaki kichwani mwake tu. Padri akamwambia aje ofisini kila asubuhi, yeye aseme, Paulina achape.

Mwalimu hakuwa mtu wa kukurupuka. Alikuwa akilitaja neno, analigeuza, anakumbuka bibi yake alivyolitumia, anakaa kimya dakika tano, dakika kumi, kichwa ameinamisha. Na muda wote huo diski inanguruma bure. Paulina alivumilia wiki mbili. Wiki ya tatu, Jumanne, Mwalimu akiwa hajafika, akapafungua pale alipokatazwa, akaweka dakika tatu. Mashine iliponyamaza, jamani, alisikia raha! Alisikia amefanya jambo la mtu mwenye akili.

Tangu hapo ikawa hivi: Mwalimu akinyamaza kutafuta neno, diski inasimama. Akilipata, Paulina anachapa, anabonyeza kuhifadhi, diski inagugumia, inakwaruza, inaanza upya. Mara kumi, mara ishirini kwa asubuhi moja.

Macho ya mzee yalikuwa yamekwisha lakini masikio yalikuwepo. "Mbona imenyamaza, Mama Rose?"

"Imelala, Mwalimu," alisema Paulina, akacheka. "Ukikaa kimya sana nayo inasinzia."

Alikuwa anatania. Mwalimu hakucheka. Alivuta kiti karibu, akaanza kusema mbio mbio, na akifika kwenye neno lililomponyoka anapunga mkono. "Ruka, mama, ruka. Tusiilaze mashine." Maneno ambayo angeyapata kwa kungoja kidogo akawa anayaacha nyuma. Paulina aliliona hilo kwa macho yake mawili, na roho ikamsuta. Kulirekebisha ni kubonyeza mara mbili tatu tu. Lakini angemweleza vipi mzee kwamba aligusa alipokatazwa? Akajitia hamnazo, siku zikaenda, miezi ikaenda, maneno yakapita elfu tatu.

Asubuhi moja diski ikasimama kama kawaida yake. Mwalimu akapata neno, Paulina akabonyeza. Tik. Tik. Tik. Halafu kimya. Akazima, akawasha, akaipiga kibao kidogo ubavuni. Wapi! Nakala nyingine haikuwepo, maana tundu la flopi, kile kisahani cha kuwekea nakala, lilijaa vumbi jekundu mwezi wa kwanza tu, na Nurdini alikuwa bado anaahidi kuleta jingine.

Nurdini alipanda kesho yake. Akaifungua, akaitegea sikio, akatikisa kichwa. "Imekwisha. Hapa halitoki hata neno moja." Kisha akamgeukia Paulina, mbele ya Padri na Mwalimu. "Uligusa pale?"

"Sikugusa," alisema Paulina. Lilitoka lenyewe, jepesi, na likishatoka halikuwa na njia ya kurudi.

"Msimsumbue huyu mama," alisema Mwalimu Cuthbert. "Ni mimi. Nilikuwa naingojesha mpaka inalala, naiamsha, inalala tena. Nimeichosha kwa uzito wangu wa kusema."

Nurdini alimtazama Paulina muda mrefu. Alikuwa ameshaelewa. Lakini nani amuumbue mama wa watu mbele ya mzee na Padri? "Hizi za mtumba zina mambo yake," alisema, akafunga begi lake.

Padri akasema diski nyingine ipo Masasi, wataanza upya. Mwalimu akakataa. "Mashine ya pili nayo niiue? Hapana, Padri. Hii ni kazi ya watu wepesi."

Kufa kwa diski Paulina aliweza kuvumilia. Kilichomtafuna ni kwamba maneno yale bado yalikuwepo, kichwani mwa mzee wa miaka sabini na tisa, na mzee alikuwa ameyafungia mwenyewe kwa sababu ya uongo wa Paulina. Jumamosi akakata shauri, akaenda nyumbani kwa Mwalimu, akapiga magoti ukumbini.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba, mwanangu."

"Mwalimu, ni mimi. Nurdini alinikataza, nikaiamuru mashine ilale kila baada ya dakika tatu. Nilipoulizwa nikasema uongo. Wewe huna kosa hata chembe. Nakuomba urudi, tuanze. Nitaandika hata kwa kalamu, ukae kimya hata siku nzima, nitangoja."

Alisema huku analia. Mwalimu alimsikiliza mpaka mwisho, halafu akapapasa mpaka akakipata kichwa cha Paulina.

"Umelelewa vizuri, Paulina. Hukutaka mzee abebe aibu peke yake."

"Mwalimu, ni kweli!"

"Nimesikia. Siku zote ulikuwa mtoto mwema darasani. Nenda, mama, kapumzike."

Kesho yake, mwishoni mwa misa, matangazo yakiendelea, Mwalimu Cuthbert akaomba kuongozwa mbele. Akawaambia watu kwamba yeye ndiye aliyeharibu mashine ya parokia, kwamba kamusi ameiacha rasmi na asiulizwe tena, na kwamba kuna mwanamke mmoja mle ndani aliyekwenda kupiga magoti kwake ajitwike kosa lisilo lake. Akamtaja jina. Kina mama wakageuka kumtazama, na wa kwanza akapiga kigelegele.

Paulina akasimama pale pale kwenye benchi. "Sio kweli!" alipiga kelele. "Niliigusa mimi! Mwalimu hana kosa, niliigusa mimi!"

Kanisa zima likampigia makofi.