Msomaji wa Arobaini na Moja

Chumba cha tasnifu cha chuo kile kilifungwa miaka thelathini, na kilifungwa kwelikweli. Ukitaka kusoma humo ulihitaji barua yenye sahihi tatu. Inasemekana hata mende waliingia kwa kibali. Kisha serikali ikatoa amri: utafiti uliolipiwa kwa kodi ya wananchi usomwe na wananchi, bure, mtandaoni. Ndipo mfanyakazi wa maktaba waliyemwita Mama Skana akakabidhiwa funguo, mashine ya kuskani kurasa, na tasnifu elfu nne zenye vumbi la kutosha kufyatulia matofali.

Kazi ile aliipenda. Asubuhi hadi jioni alikuwa akigeuza kurasa, kidole gumba kimechubuka, bila kusoma hata sentensi. Angesoma saa ngapi?

Jumanne hiyo alipandisha mtandaoni tasnifu kuukuu kuhusu maji ya mto, katika mtaa aliolelewa na shangazi yake. Kwa furaha akamtumia shangazi kiungo chake kwenye simu: "Mtaa wenu umeingia vitabuni!" Kisha akamimina chai na kuifungua ile tasnifu, safari hii kama msomaji.

Kiambatisho cha Tatu kilimkausha mate. Mtafiti, mtu wa usahihi uliopitiliza, alikuwa ameorodhesha kila aliyezungumza naye: jina, nyumba, na maneno yake. Enzi zile nani angeyaona? Mstari wa saba ulikuwa wa shangazi. "Mwenye kiwanda cha ngozi ndiye anayemwaga sumu mtoni. Bomba nililiona kwa macho yangu. Nikisema hadharani ataniua, alishaniambia."

Mwenye kiwanda alikuwa hai bado, na mtaani jina lake lilitajwa kwa kunong'ona.

Mama Skana akatazama chini ya ukurasa, penye kihesabu cha waliopakua. Kumi na mbili. Akapepesa macho. Kumi na tisa.

Tasnifu ya maji machafu, ambayo hata mama mzazi wa mwandishi hakuimaliza, nani anaing'ang'ania hivyo? Ishirini na nane. Kila namba ilimjia kama hatua ya mtu anayepanda ngazi. Ilipofika arobaini na moja, chai ilikuwa imemwagika na yeye yuko mlangoni kwa mkuu wa maktaba, waliyemwita Mzee Takwimu kwa jinsi alivyopenda grafu.

"Mzee, tuishushe tasnifu ya mto! Sasa hivi!"

Mzee hakuinua uso. Kidole chake kilikuwa juu ya kipanya. "Hakishushwi kitu mpaka kamati ikae, binti yangu."

"Inakaa lini?"

"Mwezi wa tisa, wakipata vitafunio."

Akamweleza, sauti ikimkatika. "Na watu arobaini na moja wameshaichukua!"

Kidole cha mzee kikaganda. "Arobaini ni mimi," akasema taratibu.

"Wewe?"

"Wakaguzi wa wizara wanakuja kesho. Nilitaka grafu inyanyuke kidogo. Nikaibonyeza hiyo, ndiyo iliyokuwa juu ya orodha."

Mama Skana alitamani kumkumbatia na kumzaba kibao kwa mkono uleule. Mzee akaishusha mwenyewe, kamati ibaki na njaa yake. Ukurasa ukawa mweupe. Pumzi ikaanza kumrudi Mama Skana, ikafika kifuani, ikakwama.

Arobaini ni mzee. Na yule mmoja?

Simu ikaita. Shangazi.

"Mwanangu! Nimejiona, mstari wa saba! Yule mtafiti kaandika neno kwa neno, hakunitilia chumvi."

"Shangazi, umemwonyesha mtu?"

"Mtu gani? Faili zima nimelitupa kwenye kundi la mtaa. Watu mia mbili wanasoma. Miaka ishirini nimelimeza hilo neno, nimechoka nalo."

"Na yeye yumo kwenye hilo kundi?"

"Mwenye kiwanda? Si ndiye aliyelianzisha!" Shangazi akacheka. "Tena kanijibu. Kaweka dole gumba."

"Shangazi, toka hapo. Pitia mlango wa nyuma."

"Nikimbie na magoti haya? Acha woga wako. Hebu subiri, geti linagongwa."

"Usifungue! Shangazi!"

Lakini simu ilikuwa imeshawekwa mezani. Mama Skana akasikia ndala zikiburutwa sakafuni kuelekea getini, polepole, moja, mbili, tatu, na akajikuta anazihesabu.