Matundu Matatu Juu ya Gari

Gari la Isidore lilikuwa limeanza kupiga honi lenyewe. Kila lilipokata kona ya kulia, honi ililia mpaka kona ikaisha, na taa za mbele zikazimika. Nalo lilikuwa limekwisha kupakiwa mbele ya nyumba ya Mama Victorine: mchele, mifuko ya ndakala, wale dagaa wakavu wa ziwani, na wanawake wanne nyuma juu ya magodoro. Mjukuu wake Henriette alikuwa anafunga ndoa kesho asubuhi huko Kirungu, kwa wakwe, na padri alikwisha kusema misa ya saa tatu haingoji mtu. Lazima waondoke kabla ya adhuhuri, na lazima taa ziwake, maana giza lingewakuta kwenye vilima vya Marungu.

Papa Pontien, fundi wa jirani, aliacha ugali wake mezani akaja na mikono haijakauka. Mama Victorine aliliona hilo.

Pontien alifungua kisanduku cha fyuzi chini ya usukani. Fyuzi zote zilikuwa zimelowa. Akazifuta mojamoja, akazikwangua kutu, akazirudisha. Taa zikawaka. Wanawake wakapiga vigelegele. Gari likateremka kuelekea barabarani, likakata kulia, na honi ikalia tena.

“Inatuaga,” akasema Mama Julie kutoka nyuma. “Yenyewe inabaki.”

“Maji inatoka wapi?” Pontien akamuuliza Isidore. “Ulivuka muto?”

“Muto gani, Papa? Tangu mvua ya juzi mutuka iko hapa tu,” akajibu Isidore, akilipiga gari lake kofi ubavuni.

Pontien akamwagia kioo cha mbele ndoo nzima. Hata tone halikuingia. Milango nayo ilikuwa mikavu. Ndani ya gari, Henriette alikumbatia mfuko wenye gauni lake, macho yameanza kulengalenga. Mama Victorine akaingia akakaa naye.

“Usilie, mama. Papa Pontien hajashindwa bado.”

Hapo tone likamdondokea shingoni. Akalipangusa, na vidole vikateleza. Akavinusa. Maji yale aliyajua. Alikuwa amefua nguo za watu miaka arobaini.

“Isidore,” akaita polepole, “nani alifua nguo ndani ya mutuka yako?”

Wote wakacheka, isipokuwa Isidore. Yeye alitazama juu ya gari, kisha chini. Mwezi uliopita, akasema, watu wa chama waliazima gari wazungushe kipaza sauti mjini, wakatoboa matundu matatu juu yake ili wakifunge. Walipokiondoa, yeye aliyaziba kwa sabuni.

“Tanki ya esanse ikitoboka, mafuta ikianza kumwagika, sisi mashofere tunaziba na sabuni. Inashika miaka.”

“Esanse haiyeyushe sabuni,” akasema Pontien. “Na mvua je?”

Isidore akajifunika uso kwa mikono miwili. Pontien hakumcheka. Alimshika bega, kisha akabonyeza kitambaa cha dari kwa kiganja. Kikatikisika kama tumbo la mbuzi.

“Njo huku,” akasema, na sauti yake ikapanda. “Maji imelala hapa juu. Mutuka ikikata kulia, inakimbilia kushoto, inashuka na nyaya mpaka kwa fyuzi.”

Henriette alikwisha kukimbilia beseni. Pontien akakata mshono, na maji yakashuka kwa kishindo, yenye povu. Wanawake wakaruka chini, kila mmoja akafungua kitenge cha kiunoni apangusie maji hayo. Nyuma ya kitambaa cha dari wakauona waya wa honi umechubuka, umeota kutu ya kijani. Pontien akaukausha, akaufunga vizuri. Matundu akayaziba kwa bolti na vipande vya mpira wa gurudumu. Mama Julie akapanda na ndoo, akamwaga maji juu ya gari, akamwaga tena. Dari ikabaki kavu.

Isidore akaliteremsha gari tena. Akakata kulia. Honi kimya, na taa zote mbili zinawaka saa tano na nusu mchana.

Gari liliporudi, Pontien alikuwa anakusanya spana zake arudi kwenye ugali wake uliopoa. Henriette akafungua mlango, akauvuta mfuko wa gauni mapajani kumpisha.

“Papa, ingia. Nafasi iko.”

“Hivi nilivyo?”

Mama Victorine alirudi nyumbani kwake, akatoka na koti la marehemu mumewe, akamvisha mwenyewe, akamfunga vifungo mpaka shingoni, kwa sababu Kirungu kuna baridi.