Vibua Bila Chumvi

Bi Chaluai wa mji wa Mae Klong alikuwa hataki kabisa kusikia mtu akiisema vibaya chumvi. Chumvi ndiyo iliyompatia mume. Ndiyo iliyojenga ile nyumba ya mbao kando ya mfereji, ikamsomesha binti yao Wilai mpaka akapata kazi Bangkok, pamoja na ulimi wa kumgombeza mama yake kwenye simu. Kwa hiyo daktari wa hospitali alipomwambia kwamba moyo wake umechoka, na chumvi sasa basi, aliitikia "Ndiyo, daktari" kwa adabu zote, akachukua vidonge vyake, akapitia sokoni kununua vibua.

Si vibua vibichi, jamani. Ni vile vya kwao, vilivyokolea chumvi na kuiva kwa mvuke, vikapangwa kwenye vikapu vya mianzi huku shingo zimekunjwa ili vienee. Kukunja shingo hizo ndiyo kazi aliyoifanya tangu usichana wake, bega kwa bega na Prayong, mume mwenyewe. Alfajiri banda zima la samaki lilijaa mvuke, huoni mtu, unasikia sauti tu, na sauti ya Prayong ndiyo iliyokuwa ikiimba vibaya kuliko zote. Maji ya chumvi yaliwapasua vidole. Prayong alikuwa akichovya kijiko kwenye sufuria, anamwonjesha mkewe, anamuuliza, "Imekolea?" Naye husema bado, hata kama imekolea, ili aonjeshwe tena. Zilikuwa siku tamu zile, asikudanganye mtu.

Prayong alipofariki alimwachia paka. Alikuwa amemkuta juu ya mfenesi, kitoto cha manjano kinalia mpaka sauti imekauka, akapanda kukichukua na uzee wake ule huku mkewe akipiga kelele chini. Wakakiita Fenesi. Tangu hapo kila asubuhi Bi Chaluai alivuruga wali wa moto na kibua kwa mkono, kama kila mtu wa pale anavyomlisha paka wake. Kidogo kwa Fenesi, kidogo kwake. Harufu ile ikipanda jikoni, alimsikia marehemu anakohoa barazani. Kuacha chumvi, kwake yeye, kulikuwa ni kumzika mumewe mara ya pili. Wilai hakuambiwa hayo. Wilai aliambiwa, "Nimeacha, mwanangu, nimeacha."

Na vidonge je? Alivimeza siku asizotoka, maana vilimkimbiza chooni asubuhi nzima. Siku asizotoka hazikuwa nyingi.

Mvua zilipokuwa zinaisha, Fenesi alianza kulala ameketi. Hakujinyoosha tena kwenye mbao zenye jua. Alichutama shingo mbele, mbavu zikipanda na kushuka kana kwamba ametoka kukimbia. Bi Chaluai aliufahamu mkao ule. Prayong alimaliza siku zake ameegemea ukuta, mito mgongoni, akisema akilala chali anahisi anazama. Na yeye mwenyewe siku hizi alikuwa amejiongezea mto, kisha akaongeza mwingine, akijiambia ni godoro limezeeka.

"Kumbe na wewe ni moyo," akamwambia paka. "Nyumba nzima hii!"

Akachukua kidonge chake, akakikata nusu, akakificha ndani ya kibua. Fenesi alikojoa kila mahali siku ile, hata kwenye viatu vya marehemu vilivyokuwa bado mlangoni. Lakini jioni alikuwa amelala ubavu, miguu kainyoosha, pumzi imetulia. Bi Chaluai alilia kwa furaha. Kesho yake akaenda kujisifu kwa Bunluea, jirani yake anayeuza barafu sokoni.

"Mimi na Fenesi sasa tunakula dawa moja."

"Ebo! Shangazi, umekuwa daktari?" Bunluea akacheka. "Basi ngoja nikuletee mama mkwe wangu. Huyo usimkatie nusu, mpe kizima."

"Toka hapa, huna adabu!"

Basi ikawa hivyo. Paka akihema kidogo, anapewa. Asipohema, anapewa pia ili asije akahema. Na kibua chenye chumvi kiko palepale. Vidonge vilipoanza kupungua, Bi Chaluai aliacha kabisa kumeza vyake ili Fenesi asikose. Miguu yake ilivimba mpaka viatu vikamkataa. Akavaa ndara, akashusha kanga hadi vifundoni, akasema ni kusimama sana.

Asubuhi moja Fenesi hakuja jikoni. Alimkuta kando ya mtungi, kichwa sakafuni, macho yameingia ndani. Akamvuta ngozi ya kisogoni, ngozi ikabaki imesimama, hairudi. Alipiga ukelele uliomtoa Bunluea kwake bila shati. Wakampakia paka kwenye kitoroli cha pikipiki ya barafu, Bi Chaluai akaketi humo humo kwenye maji ya barafu iliyoyeyuka, amemkumbatia.

Daktari wa wanyama, Suthida, alikuwa mwanamke kijana mwenye sauti ya taratibu. Alimfunua paka mdomo, akagusa ufizi. Ulikuwa mweupe, mkavu, unanata.

"Huyu amekauka, bibi. Amekula dawa gani?"

Bi Chaluai alieleza habari ya vidonge na kibua, hata uongo aliomwambia binti yake, huku akitazama sakafu. Suthida hakumkaripia, na hilo lilimuuma zaidi.

"Sikiliza, bibi yangu. Chumvi inashika maji mwilini, na maji yale yanaingia kwenye damu. Damu inakuwa nyingi, moyo mchovu unashindwa kuisukuma, maji yanavujia mapafuni. Ndiyo maana alikuwa anahema. Kidonge kinayatoa kwa mkojo. Lakini wewe umeyatoa, ukazidi kuyatoa, mpaka damu iliyobaki haitoshi mishipa. Figo hazipati kitu."

"Basi mrudishie, mwanangu! Mjaze!"

"Nikimjaza haraka atazama tena. Nikichelewa, figo zitakufa. Ni tone kwa tone, na tumwangalie."

Akamtundikia dripu. Kisha akamgeukia Bi Chaluai. "Na hivi vidonge si vyako? Wewe ulikuwa unameza nini?"

Bi Chaluai akatazama dirishani. Suthida akachuchumaa, akainua kanga kidogo, akabonyeza muundi kwa kidole gumba. Alipoondoa kidole, shimo lilibaki kama kwenye unga uliokandwa. Hata Bunluea alikosa mzaha.

"Shangazi," akasema, "kumbe ulitaka kutuacha."

"Nani kasema nataka kufa?" Bi Chaluai akafoka, machozi yakimtoka. "Nilikuwa sitaki kubaki peke yangu na sahani ya wali mweupe! Nyie mnajua nini?"

Suthida akaishusha kanga, akainuka.

"Ukitoka hapa, anakupeleka hospitali," Suthida akasema, akimnyooshea Bunluea kidole. "Leo hii. Ukinibishia, nampigia binti yako."

Alasiri Fenesi akainua kichwa, kisha akakojoa kidogo. Suthida akashusha pumzi. Sasa ilibaki ale, na asipokula leo, alisema, jitihada yote ni bure. Msaidizi akachemsha kibua kibichi kwa maji matupu, akakileta na wali. Fenesi akanusa, akageuza uso. Wakamsogezea tena, akafumba macho kabisa.

"Daktari, tia chumvi kidogo tu," Bunluea akasihi. "Chembe moja, jamani, ale."

"Hata chembe."

Bi Chaluai akaomba bakuli. Akanawa mikono, akavuruga wali na samaki taratibu. Kisha badala ya kumsogezea paka, akatia tonge mdomoni mwake. Tangu azaliwe hakuwahi kula kibua bila chumvi. Hakikuwa na harufu ya bandani wala sauti ya mtu yeyote. Kilikuwa samaki tu, na kilimuuma kama msiba mpya. Akakimeza. Akaomba maji, akatoa kidonge kwenye pakiti yake, kizima, akakimeza nacho.

"Hakina ladha, najua," akamwambia Fenesi. "Usinitazame hivyo. Na mimi nakula."

Akatia tonge jingine, akatafuna, akiwa ameinama karibu kabisa na uso wa paka. Fenesi akamnusa mdomo. Halafu akakokota kifua chake mpaka kwenye bakuli, akaanza kulamba. Bi Chaluai hakuthubutu hata kufuta machozi. Aliendelea kula, kwa kuwa alijua akiacha yeye, na paka ataacha.