Sahihi ya Kifurushi cha Eliana

Mtu anayetoka Dar es Salaam mpaka Ulemo kuja kuangalia uso wa binti yako, halafu anasema hataki kumwoa wala kumwajiri, huyo ana lake jambo. Hivyo ndivyo nilivyomwambia Eliana siku aliponipa habari.

"Anapita tu, baba. Anakwenda Mwanza. Jumamosi atashuka hapa saa nne, saa tisa anapanda basi jingine. Anataka kuona kitambulisho changu na uso wangu, basi."

"Hivyo viwili huwa wanavitaka polisi."

Akacheka peke yake. Ilikuwa mwaka 2005. Mama yake, Damari, alikuwa ametutoka miaka sita iliyopita, na mimi mtu mwenye karatasi mkononi nilikuwa simwamini tena. Damari alipougua nilipewa karatasi ya kwenda kutafuta glovu, nikapewa nyingine ya dripu. Zamani vitu hivyo vilikuwa humo humo hospitalini, wakubwa wakakaa huko wanakokaa wakaamua tuchangie. Niliporudi na dripu mkononi, kitanda cha mke wangu kilikuwa na mgonjwa mwingine.

Eliana alikuwa karani wa zahanati moja ya kanisa upande wa Kiomboi, anatunza kadi za wagonjwa kwenye kompyuta. Kompyuta zao zilitumia mfumo unaoitwa Linux, ambao haununuliwi. Programu ya kadi ilihitaji programu nyingine ndogo chini yake, wanayoiita maktaba, na maktaba hiyo ilipanga majina kama mti. Alinichorea chini kwa kijiti: jina moja kwenye shina, yanayolitangulia yanakwenda tawi la kushoto, yanayolifuata la kulia, na kila tawi linagawanyika hivyo hivyo. Ukimtafuta mgonjwa unafuata matawi, hupekui kadi zote.

"Sasa shida iko wapi?"

"Shida huo mti hauko kwenye mfumo wetu. Kila kompyuta lazima niujenge upya kwa mkono, siku nzima, na mara nyingi unagoma. Nimeufunga kifurushi. Kikikubaliwa na watunzaji wa mfumo, mtu yeyote mwenye mfumo huu, awe hapa au Brazili, anaandika neno moja tu, mti unaingia."

Kufunga mizigo nakujua. Walipotangaza soko huria walituambia tutauza tunavyotaka, akaja mnunuzi wa vitunguu na lumbesa yake, gunia lenye kilemba kikubwa kuliko gunia lenyewe, na anaiita gunia moja. Kwa hiyo niliuliza: nani anapima hicho kifurushi? Nani aliandika huo mti? Akasema ni mzungu mmoja, ameutoa bure, na barua ya ruhusa imo ndani pamoja na orodha ya kila faili.

"Bure!" nikasema. "Na wewe unapata nini?"

"Jina langu linakaa pale. Mtunzaji ni fulani. Kikiharibika wananiuliza mimi. Ndiyo maana lazima mwenzao mmoja anione kwa macho kwanza, aweke sahihi kwamba mimi ndiye. Isingekuwa hivyo mtu angeweza kuwatilia sumu humo akapotea."

Nikamwambia sheria hiyo wangeanza kuwawekea wakubwa wetu. Halafu nikakumbuka kitu, na yeye alikuwa amekikumbuka kabla yangu.

Kitambulisho chenye picha alikuwa nacho kimoja tu, cheti cha kumaliza sekondari. Na kwenye cheti hicho haitwi Eliana Manase. Anaitwa Felista Antipasi.

Eliana alipofanya mtihani wa darasa la saba hakuchaguliwa kwenda sekondari. Nafasi zilikuwa za kuhesabu, na mtoto wa mtendaji alipata. Basi nikafanya kama walivyofanya wengi: nikamrudisha darasani kwa jina la mtoto aliyeacha shule. Jirani yangu Antipasi alikuwa na binti, Felista, aliyekatisha masomo darasa la sita akaenda kwa shangazi yake Manyoni. Mwalimu mkuu alikubali, Antipasi akachukua mbuzi. Binti yangu akafaulu kwa jina la binti wa Antipasi, akasoma nalo, akaajiriwa nalo. Damari hakulipenda jambo lile hata siku moja.

"Nitamwambia huyo mgeni ukweli," Eliana alisema.

"Utafukuzwa kazi! Mwonyeshe cheti, picha ni yako, aweke sahihi aende zake."

"Kwa hiyo mti wangu utunzwe na Felista?"

"Utunzwe na yeyote, ilimradi wewe usifungwe."

Alikubali, akamwandikia mgeni kwa jina la Felista Antipasi, lakini kwa uso wa mtu anayemeza dawa chungu.

Jumamosi saa nne ikapita, saa tano ikapita. Nikasema nilijua, matapeli hao. Mara namwona Antipasi anakuja na kofia yake ya sherehe, nyuma yake mwanamume wa makamo mwenye begi mgongoni.

"Manase!" Antipasi alianza kupaza sauti akiwa bado njiani. "Huyu mgeni kashuka stendi kaulizia kwa Felista Antipasi, wakamleta kwangu. Anasema binti yangu ni bingwa wa kompyuta. Nimemwambia Felista wangu ni bingwa wa maandazi. Kompyuta labda aliiona kwenye kalenda!"

Hilo hatukuwa tumelifikiria, mimi wala binti yangu. Mtu akitafutwa kijijini anatafutwa kwa jina, na jina lina nyumba yake.

"Shikamoo mzee," mgeni akasema. "Naitwa Fabiano."

"Marahaba. Kitambulisho chako."

Eliana akaniangalia kwa aibu. Fabiano yeye alitabasamu, akatoa pasipoti. Niliishika kwa mikono miwili. Nilisoma mpaka darasa la nne tu, lakini uso nausoma. Nikamwambia avue miwani. Akavua. Nikatazama pua, nikatazama sikio.

"Vizuri sana, mzee," akasema. "Wengi hawaniombi changu. Na inatakiwa iwe hivyo hivyo, pande zote mbili."

Nilikuwa nimejiandaa kwa ugomvi. Nikamrudishia pasipoti yake.

"Sasa dada," akamgeukia Eliana, "wewe ndiye Felista?"

"Felista wa mbuzi," Antipasi akadakia, akajipiga paja akicheka.

Eliana alikuwa na cheti mkononi lakini hakukitoa. Mimi nikaanza kusema, maana kusema najua. Nikasema mambo ya shule za serikali, nafasi zilizoliwa na watoto wa wakubwa, mwalimu mkuu, afisa elimu. Fabiano alinisikiliza mpaka nikapungukiwa na pumzi.

"Mzee, siulizi nani alikosea. Nauliza huyu ni nani."

Miaka yote nilikuwa na mtu wa kumtupia lawama. Pale nilitafuta nikamkosa.

"Ni Eliana Manase," nikasema. "Jina la Felista nililitafuta mimi. Mama yake alikataa, nikamshinda."

Antipasi aliacha kucheka.

"Nilitaka kumwambia mwenyewe," Eliana akasema.

Fabiano akasema kwa upole kwamba hawezi kuweka sahihi kwenye jina la Felista, kwa sababu sasa anajua si yeye. Kwenye la Eliana angeweka, akionyeshwa karatasi yenye picha. Cheti chake cha ubatizo, chenye jina hilo, hakina picha. "Kadi ya kupigia kura je? Si wameandikisha mwaka huu?"

Eliana aliangalia chini. "Baba alinikataza."

Ni kweli. Nilimwambia wakishakuwa na picha yako, siku ya kodi wanakufuata mpaka jikoni.

"Kinampanda wanawamalizia waliobaki mpaka Jumatatu," Antipasi akasema.

"Na mimi narudi Alhamisi," Fabiano akasema. "Basi linasimama hapa dakika tano."

Jumatatu alfajiri nikampakia Eliana kwenye baiskeli. Kinampanda, karani wa kuandikisha akaangalia cheti cha ubatizo akasema anataka na mtu wa kumthibitisha, mwenye kadi.

"Mimi ni baba yake."

"Kadi yako, mzee?"

Sina. Ikabidi niandikishwe mimi kwanza. Nikaweka kidole kwenye wino, nikakaa kwenye kiti mbele ya kitambaa.

"Tabasamu kidogo, mzee."

"Picha ya kunisakia haihitaji tabasamu. Piga."

Walinipiga, kisha wakampiga yeye. Nilipoulizwa jina la binti nikalitaja kwa sauti iliyowafanya watu wa foleni wageuke.

Jumanne na Jumatano Eliana alikaa kwenye kompyuta ya zahanati akitengeneza upya ufunguo wake wa siri, ule wa kuthibitishia kazi yake, kwa jina jipya, na kifurushi chote, kwa sababu jina la mtunzaji likibadilika hata tarakimu za kukagulia kila faili zinabadilika. Alhamisi tulisimama barabarani. Basi likafika, kondakta anapiga bati, Fabiano akashuka mbio. Akaangalia kadi, akaangalia uso. Eliana akamsomea alama ya ufunguo, herufi na tarakimu arobaini, naye anafuatisha kwenye karatasi yake. Nikamwambia arudie, sikumwona akitia tiki kwenye mstari wa pili.

"Mzee, basi linaondoka!" kondakta akafoka.

"Liondoke. Rudia."

Wakarudia. Akaandika sahihi akiegemeza karatasi kwenye ubavu wa basi, akapanda. Akachungulia dirishani akasema kesho usiku kifurushi kitakuwa kimeingia.

Eliana alikunja karatasi yake ya alama akaitia kifuani. Hakuwa na furaha ya kurukaruka. Zahanati bado wanamwita Felista, na kwa mdomo wa Antipasi ilikuwa ajabu habari haijafika Kiomboi tangu Jumamosi.

"Nakwenda kumwambia mganga mkuu mwenyewe, leo," akasema.

"Twende wote. Nitamweleza mimi, hao wakubwa wa kanisa na wao—"

"Njoo, baba. Lakini ukifika ukae kimya."

Nikashika baiskeli. Kwenda nilikwenda. Kukaa kimya sikuahidi.