Mboga ya Walaji Wasioonekana

Lori la mafuta lilipopinduka karibu na Puge, dizeli haikuuliza shamba ni la nani. Ilifuata mteremko, ikajimwaga kwenye kishamba cha Kabula, hatua ishirini kila upande. Ndicho pekee alichoachiwa na marehemu mumewe. Karanga zilinyauka zote. Mwaka ukapita, na bado ukishika udongo ule mkono ulinuka kama koroboi.

Binti yake Recheli, aliyepanga chumba kimoja Kanyenye, Tabora mjini, na mumewe, alishatoa kauli kwenye simu: "Mama, mvua zikija shamba lisipoota, unahamia kwetu. Huwezi kula upepo."

Kabula aliguna tu. Chumba kimoja na mkwe! Mama mkwe gani wa Kisukuma analala pazia moja na mume wa mwanawe?

Ndipo akamwendea Damas, bwana shamba.

"Ardhini mna wadudu, mama, wadogo hata jicho haliwaoni," Damas alimwambia. "Hayo mafuta wanayala. Ila kwao ni ugali mkavu, haushuki. Wape mboga. Mboga yao ni mbolea ya urea, kiganja kimoja kwa kila hatua. Lima ichanganyike, mwagia maji, ungoje mwezi, kisha kiganja kingine."

"Kitendawili!" Kabula akachangamka.

"Tega."

"Walaji wangu hawana meno wala matumbo, na shamba wanalimaliza."

"Moto!"

"Hukupata. Nipe mji."

"Chukua Tabora."

"Nimekwenda Tabora, nimekula wali nimeshiba. Jibu ni hao wadudu wako!"

Walicheka wote wawili. Kabula akauza mbuzi wake, akarudi na mfuko wa urea wa kilo hamsini.

Asubuhi alianza vizuri, kiganja kimoja kwa hatua, kama alivyoelekezwa. Lakini mkono ulikuwa mzito. Maisha yake yote alikuwa mtu wa kulimiana, leo kwako, kesho kwangu, na siku ya zamu yako unapika chungu kizima. Anayewapimia wakulima mboga kwa kijiko, atasemwa hata siku ya matanga yake.

Jirani yake Gerson, mtani wake, alichungulia juu ya ua wa minyaa. "We bibi! Umealika watu kazini, unawanyima mboga? Ndiyo maana wageni hawakai kwenu Wasukuma, wanawakimbia kwa njaa!"

"Nyamaza, Mnyamwezi mbeba mizigo!" Kabula akamjibu. Ila neno lilimwingia. Wameitwa kazini. Kazi yenyewe kula sumu. Halafu uwape kiganja kimoja tu?

Akaupindua mfuko. Akamwaga wote, akalima, akamwagia ndoo sita za maji, akajiona amefanya utu.

Baada ya mwezi Damas alikuja. Hakufika hata katikati ya shamba, akaziba pua. Harufu kali ya mkojo wa zizini ilichoma macho. Akachimba, akanusa, na chini dizeli ilikuwa ileile ya siku ya kwanza.

"Mama, umeweka kiasi gani?"

"Wote. Washibe."

Damas alichuchumaa. "Urea ikizidi ni kama chumvi. Inawanyang'anya maji. Na mchanga wetu huu haushiki maji. Umewaua wengi, mama."

"Wengine watazaliwa?"

"Labda. Mvua zioshe kwanza, miaka miwili, mitatu. Sijui. Nikikuahidi nitakuwa mwongo."

Mvua zilikuja Novemba. Kabula alipanda hivyo hivyo, akapanda tena. Ng'ambo ya ua mahindi ya Gerson yalifika magotini. Kwake halikuota hata jani la gugu.

Gerson alikuja na kibaba cha unga. Akamkabidhi kwa mikono miwili.

"Mimi ndiye niliyekucheka," akasema.

"Mkono ulikuwa wangu," Kabula akamjibu. "Jembe chukua wewe. Mjini nitalilimia nini?"

Kisha akampigia Recheli. "Mwanangu, njoo unichukue. Mwambie mkwe wangu anisamehe."

Akakata simu kabla binti hajajibu, akaanza kukunja nguo zake.