Jina la Fundi Bingwa

Jumatatu asubuhi, mume alipomaliza kulipiga picha gauni la bibi harusi lililotundikwa mlangoni, mkewe aliona kidole gumba chake cha kushoto hakipo. Akakipapasa. Kilikuwepo, ila hakionekani. Akaendelea kupinda marinda.

Gauni lile alilishona yeye kwa siku tisa. Mume hakuwahi kutunga hata uzi kwenye sindano. Kazi yake ilikuwa blogu. "Siku hizi watu hawanunui nguo, wananunua jina," alipenda kusema, naye alikuwa akijenga lake: Fundi Bingwa. Makala ya siku hiyo iliitwa "Nilivyolishona Gauni Hili kwa Mikono Yangu Miwili." Kufika adhuhuri ilikuwa na wasomaji elfu mbili, na kiganja chote cha mke kilikuwa kimekwenda.

Makala ya suti ilichukua mikono. Ya sare za shule ikachukua miguu na kiuno. Wateja hawakujali. Utepe wa kupimia ulipowafuata hewani walinyanyua mikono, wakageuka. "Mwambie Fundi asinibane kifuani," mmoja aliuagiza utepe.

Mama mkwe alipokuja kuwasalimia aliona tu kwamba mkamwana amepungua, akamsihi ale vizuri. Mdogo wa mke ndiye aliyeuliza, alipokuta kichwa kikiwa peke yake juu ya cherehani.

"Dada, mwili wako uko wapi?"

"Uko kwenye blogu ya shemeji yako."

"Si umwambie aurudishe!"

Akamwambia, wakati wa chai. "Baba watoto, andika sentensi moja tu. Sema nguo nashona mimi."

Mume aliweka kikombe chini akafikiri kwa dhati, maana hakuwa mtu mbaya. "Mke wangu, jina ni kama nembo ya sabuni. Ukiweka mawili, wateja wanachanganyikiwa."

Hata hivyo hakupenda kumwona amenuna. Kesho yake akaandika makala ndefu ya shukrani kwa "wote wanaoniombea nyuma ya pazia." Mke aliisoma mara mbili, akilitafuta jina lake. Alipofika mwisho mara ya pili, uso nao ukawa umeondoka. Wasomaji waliiita makala hiyo ya unyenyekevu.

Mwezi uliofuata mume alialikwa kufundisha vijana mia tatu namna ya kujijengea jina mtandaoni. Alikwenda na cherehani, na mkewe, kwa ajili ya mfano. Jukwaani akakunja mikono kifuani. Cherehani ikaanza kukimbia, kitambaa kikajigeuza, shati likatoka na kola yake.

"Nani anakanyaga pale?" aliuliza msichana mmoja kutoka mstari wa mbele.

"Jina," alijibu mume. "Likishajengeka, linajifanyia kazi lenyewe."

Vijana wote mia tatu wakaandika hivyo kwenye madaftari yao.

Ukafika wakati wa picha ya pamoja. Mgeni rasmi, mtu mzito mwenye viatu vya kubana, alitafuta pa kukaa.

"Kiti hiki cha cherehani kina mtu?"

Mume akakitazama kiti. Mkewe, mguu ukiwa bado kwenye pedali, alisubiri jibu.

"Hakina, mheshimiwa. Karibu."

Mke akakata uzi kwa meno, akainuka, akampisha mgeni.